Majibu Yasiyo na Swali

Habari hizi ni za Chiku Mlekwa, nami nazisimulia kama alivyozileta, sikuzipaka sukari. Atakayeona haziwezekani, ashukuru Mungu, maana hajawahi kusimama dirishani mbele ya karani akiwa na shida ya kweli.

Chiku alikuwa fundi wa maneno yaliyokatika. Kwao, watu wawili wakiitana wasisikilizane, aliitwa yeye. Alianza kwa mwitaji, akalifuata neno hatua kwa hatua mpaka aone limeangukia wapi. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Mwasiti, aliyeolewa nchi ya Ukaribu, na kutoka huko ikamfikia barua hii: "Dada, mtoto wangu wa mwaka jana alifariki wakati wa kuzaliwa, na mkunga anakaa nyuma ya ukuta wangu. Nilimwita, hakuitika. Hata sasa ninapoandika namsikia akikuna nazi. Hii mimba nyingine inatimia mwisho wa mwezi. Njoo unitafutie kwa nini hanijibu."

Safari yake tuiache. Alifika.

Mpakani alipewa kibati cha namba cha kuvaa shingoni. Karani aliyemvisha aliitwa Bwana Fikirini, ndiye pia mlinda Lango, mtu mpole, msafi wa kucha, wa kusema "tafadhali" kila baada ya maneno matatu. Alimweleza kwamba katika Ukaribu asiye na namba haitwi wala haitiki. Akipiga kelele ni kama upepo umegonga dirisha. Nyumba zote zina namba za tarakimu nne. Zinazoanza na arobaini na moja ni mtaa mmoja, zinazoanza na arobaini na mbili ni mtaa mwingine. Zamani mitaa hiyo ilikuwa mbalimbali. Watu walipoongezeka walijenga popote palipobaki nafasi, zikachanganyika, ikawa nyumba ya mtaa huu imeegemea nyumba ya mtaa ule. Nyumba ya Mwasiti ilikuwa 4107. Ya mkunga, Bi Kidawa, ilikuwa 4209. Ukuta ni mmoja.

"Sasa mtu anajuaje nani wa mtaa wake?" Chiku akauliza.

"Kwa barakoa, tafadhali," alijibu Fikirini.

Barakoa ni kipande cha ngozi kinachoning'inia kwenye kila mlango. Ukitaka kusema na mtu, unaifunika namba yako kwa hiyo ngozi kuanzia mwisho wake, kisha unaifunika namba ya huyo mtu vilevile. Tarakimu zilizobaki wazi zikilingana, huyo ni wa karibu, sema naye kwa mdomo. Zisipolingana ni wa mbali, hata kama mnapumuliana, na maneno yako utayaandika uyapeleke Langoni, yaandikwe kwenye daftari, yavushwe. Anayemjibu wa mbali kwa mdomo ni mpayukaji, na nyumba ya mpayukaji hung'olewa namba.

Liko na la tatu. Hakuna anayeingia nyumba ya mtu bila maneno matatu kukamilika: mwitaji aite, mwitwa aulize "Nije?", mwitaji aseme "Njoo". Aingiaye bila "Njoo" ni mvunja nyumba, awe mkunga awe nani.

Chiku alikaa kwa Mwasiti siku ya kwanza akamtazama mdogo wake. Alikuwa amevimba miguu na amekonda uso. Mumewe, Vuai, mtu wa maneno machache, alimwandalia shemeji yake kiti, akatoka kwenda kuteka maji, akarudi, akatoka tena. 

"Mwite nisikie," Chiku alisema.

Mwasiti alichukua barakoa yao mlangoni. Ilikuwa ndefu, ilifunika tarakimu tatu na kuacha nne peke yake. Akaifunika 4107, ikabaki nne. Akaifunika namba ya mkunga kwenye orodha ya namba za nyumba, ikabaki nne. Wa karibu. Akaegemea ukuta akaita, "Bi Kidawa! Ni Mwasiti! Upo?"

Upande wa pili mbuzi ya nazi ilisimama.  Baadaye ukasikika mlango wa mkunga ukifunguka, na nyayo zikaondoka.

"Unaona?" Mwasiti alisema, machozi yakimlengalenga. "Nikimwita anatoka zake. Mwaka jana nilimwita mara saba, mara saba akatoka. Nimemkosea nini mimi?"

Hasira ilimpanda Chiku dhidi ya huyo bibi, lakini ufundi haufanywi kwa hasira. Alimgeukia Vuai: kwa nini asimwandikie kupitia Langoni? Vuai alisema alikwenda, mwaka jana, mbio. Fikirini alimwomba barakoa yake, akaipima, akamrudishia karatasi. Kwa barakoa yako huyu ni wa karibu, alimwambia, Lango halipokei maneno ya majirani, kamwambie mwenyewe tafadhali.

Kesho yake Chiku alikwenda kwa wakubwa kuuliza kama wanajua tatizo hili. Wanalijua! Miaka kumi wanalishughulikia. Alipelekwa kwa Mkuu wa Kuta, aliyemwonyesha kwa fahari kuta zilizovunjwa na kujengwa upya mara tatu, kila mara nyembamba zaidi, ili sauti ipite. Ukuta wa Mwasiti ulikuwa umebaki unene wa mkate. Mkuu huyo alikuwa na ombi la kuvunja mara ya nne. Chiku alipelekwa na kwa Mpimaji, ambaye kila mwezi husimama nyumba ya arobaini na moja akaita nyingine ya arobaini na moja, akajibiwa. Kisha akaenda ya arobaini na mbili akaita ya arobaini na mbili, akajibiwa. Huita Lango kutoka pande zote mbili, Lango huitika. Halafu huandika: mawasiliano ni mazima.

"Na kutoka arobaini na moja kwenda arobaini na mbili umewahi kuita?"

Mpimaji alimtazama kwa huruma. "Huko ndiko kunakolalamikiwa, bibie. Kipimo hakifanywi mahali pabovu, kitaharibu matokeo."

Chiku aliondoka. Alirudi kwa Fikirini akaomba kibati chake cha namba kibadilishwe, apewe cha arobaini na mbili kwa siku moja. Mgeni anaruhusiwa. Akiwa na kibati hicho alibisha kwa mkunga, akaulizwa, akajibu, akaingia.

Bi Kidawa alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mikono yake imetakata kwa kunawa. Mkoba wake wa kazi ulikuwa mlangoni, umefungwa tayari. Chiku alipotaja jina la Mwasiti, mama wa watu aliwaka.

"Usinitajie mwenye kiburi huyo! Aniite, nimjibu, asinirudishie neno? Mwaka jana nimemjibu mara saba, niko hapa na mkoba begani, nangoja aseme 'Njoo'. Mara saba! Nikamsikia mpaka anaacha kulia. Wewe unajua ni nini kumsikia mtu anaacha kulia? Na jana kaniita tena, na jana nimemjibu tena. Kimya."

"Bi Kidawa," Chiku alisema polepole, "jibu lako ulilipeleka wapi?"

"Langoni. Kwani kuna pengine?"

Akatoa barakoa yake. Ilikuwa fupi, ya zamani, ilifunika tarakimu mbili tu. Kwake yeye Mwasiti alikuwa arobaini na moja, yeye arobaini na mbili. Wa mbali. Sheria inamtaka aandike, naye aliandika.

Chiku aliaga. Alitoka hapo mpaka Langoni akamwuliza Fikirini majibu ya 4209 kwenda 4107 yalikwenda wapi. Fikirini hakuficha kitu; hakuona cha kuficha. Alimpeleka chumba cha nyuma penye magunia. Kila jibu lifikapo, alieleza, hulitafutia swali lake daftarini. Likiwa na swali, linavushwa. Lisipokuwa nalo, basi ni jibu lisilo na swali, nani ajuaye limetoka wapi na lina nia gani? Linapigwa mhuri, linatiwa guniani. Ni usalama tu, tafadhali.

Swali la Mwasiti lilipita ukutani kwa mdomo. Daftarini halikuwamo.

Alipekua mpaka akayapata. Yalikuwa manane, saba ya mwaka jana na moja la jana, kwa mwandiko uleule wa mviringo. Nije? Nije? Maji yachemshwe, nije? Mwambie asisukume kwanza, nije? Mwanangu, nije? Kila moja lina mhuri mwekundu juu yake. Chiku alikaa chini kwenye sakafu ya chumba kile akalia, na Fikirini akamletea maji ya kunywa, maana alikuwa mtu mwema.

Kisa chote kikawa wazi, na kilikuwa kidogo cha kutia aibu. Miaka kumi nyuma serikali iliamua barakoa zote ziwe ndefu, ili mitaa yote iwe mtaa mmoja. Wakaanza kugawa mtaa wa arobaini na moja. Ngozi ikaisha. Mkuu wa ugawaji akaandika "zoezi limekamilika" akapandishwa cheo. Basi. Hawa wakaona wale ni ndugu, wale wakaona hawa ni wageni, na kila upande ukafuata sheria vizuri kabisa.

Siku hiyohiyo Chiku alichukua mkasi wa kushonea wa Mwasiti akakata barakoa ya 4107 upana wa kidole. Ikafunika tarakimu mbili. Sasa kwa Mwasiti naye mkunga alikuwa wa mbali. Vuai akaandika karatasi, akakimbia Langoni. Fikirini akapima barakoa, akaandika swali daftarini, akalivusha. Kabla chai haijapoa jibu likaja likiwa limepita njia hiyohiyo: "Nipo. Nije?" Vuai akakimbia tena na "Njoo".

Bi Kidawa aliingia na mkoba wake. Alisimama mlangoni akamtazama Mwasiti, na Mwasiti akamtazama, wanawake wawili waliotenganishwa na ukuta wa unene wa mkate. Chiku akaweka zile karatasi nane kitandani. Mwasiti alisoma moja baada ya nyingine. Alipofika ile ya "Mwanangu, nije?" alimshika mkunga kiunoni akaangua kilio, na mkunga akalia naye, akisema, "Nisamehe, mama, nilidhani unaringa." Kisha akanawa mikono, akampapasa tumbo, akatangaza kwamba mtoto amelala vizuri, kichwa chini, zimebaki siku tisa au kumi. Vuai alitoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na maji hakuteka.

Laiti Chiku angeishia hapo! Hata yeye hujilaumu hivyo mpaka leo, ukimkuta peke yake. Lakini fundi aliyeona kosa mahali pamoja hawezi kuacha nyumba mia na ushee zilizobaki na kosa lilelile. Mwasiti mwenyewe alimsukuma. "Mtaa mzima tunaita kuta, dada. Nenda kawaambie." Basi akaenda Barazani akatoa taarifa yake: barakoa hazilingani, fanyeni zote ziwe sawa, fupi zote au ndefu zote, ni kazi ya siku mbili na mkasi.

Baraza lilikaa siku tano. Mjumbe wa arobaini na moja alisema barakoa ndefu ndizo za maendeleo, kuzikata ni kurudi nyuma, na watu wake hawatafupishwa na mtu. Mjumbe wa arobaini na mbili alisema fupi ndizo za asili, babu zao walizitumia, na undugu wa kulazimishwa hawautaki. Mkuu wa Kuta aliomba asisahauliwe. Chiku alisimama akasema haijalishi ni ipi, ilimradi iwe moja. Wakamwambia hiyo ndiyo lugha ya mtu asiye na msimamo.

Siku ya tano Spika, mzee mwenye sauti ya kubembeleza, aliwapatanisha. Alisema haki haina upande. Wakibadilisha barakoa za mtaa mmoja tu, mtaa huo utaonekana ndio uliokosea, na hakuna aliyekosea. Kwa hiyo mitaa yote miwili ibadilishwe. Arobaini na moja wafupishiwe, arobaini na mbili warefushiwe. Kila mmoja ametoa, kila mmoja amepata.

Walipiga makofi mpaka vumbi likadondoka darini. Chiku alipaza sauti: "Jamani! Mmegeuza tu! Kosa ni lilelile limehamia upande wa pili!" Spika akamshukuru mgeni kwa mchango wake.

Makarani walipita nyumba kwa nyumba kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana. Kwa Bi Kidawa walichukua barakoa fupi wakamwachia ndefu. Kwa Mwasiti walikuta tayari imekatwa. Nani amekata? Chiku akasema ni yeye. Akashtakiwa kwa kuitangulia sheria: ametenda jambo lililoamriwa kabla halijaamriwa. Alivuliwa kibati cha namba, na kwa kuwa mgeni hana gereza katika Ukaribu, alikalishwa kwenye benchi la Lango, mnyororo mguuni, mbele ya meza ya Fikirini, mpaka kesi isikilizwe.

Alikuwa hapo, asubuhi ya siku ya pili, Vuai alipoingia mbio na karatasi. "Uchungu umeanza. Bi Kidawa, njoo haraka."

Fikirini alipima barakoa, akaandika swali daftarini, akalivusha vizuri. Vuai akarudi nyumbani kungoja. Chiku kwenye benchi alianza kuhesabu hatua kichwani, kama alivyozoea kazini, na alipofika hatua ya pili aliacha kuhesabu. Swali litamfikia mkunga. Mkunga ataweka barakoa yake mpya, ndefu. Ataona nne na nne. Wa karibu. Atajibu kwa mdomo, ukutani.

Vuai alirejea, jasho linamtiririka. "Amesema 'Nije?' Nimemsikia kwa masikio yangu, ukutani. Nimeleta 'Njoo'."

Fikirini alifungua daftari. Alipitisha kidole chini ya mistari, taratibu, kwa uaminifu. "Swali lako la kwanza hili hapa. 'Nije?' yake siioni. Unasema 'Njoo' kwa nani, ikiwa hakuna aliyeomba kuja?"

"Kaomba! Kaomba ukutani!"

"Ya ukutani hayamo humu, tafadhali." Akapiga mhuri.

"Vuai!" Chiku alipiga ukelele. "Shemeji, achana na karatasi! Rudi ukamshike mkono umvute! Payuka, shemeji! Payuka!"

Lakini Chiku hakuwa na namba. Hakuna aliyegeuka; mtu mmoja kwenye foleni alifunga dirisha. Vuai peke yake alimtazama, na macho yake yalionyesha kwamba amesikia kila neno.  Mtoto wa nyumba iliyong'olewa namba naye hana namba. Ataishi hatoitwa na mtu, akilia hatosikiwa. Hilo ndilo lililokuwa likimzunguka kichwani, na Chiku aliliona. Vuai akachukua karatasi nyingine akaandika "Njoo" kwa herufi kubwa zaidi.

Alileta nane. Ya tatu aliipigia magoti. Ya tano ilichafuka damu iliyokuwa mikononi mwake, hakuwa ameona kwamba ana damu. Kila mara alisema Bi Kidawa bado anauliza, anauliza kwa nguvu, amesimama mlangoni kwake na mkoba begani na analia. Kila mara Fikirini alilitafuta lile "Nije?" daftarini, hakukosa hata mara moja kutafuta, na alipolikosa alipiga mhuri. Chiku aliuvuta mnyororo mpaka kifundo kikachunika. Aliita mpaka sauti ikakauka.

Baada ya ya nane Vuai alikawia.

Jua lilikuwa limefika utosini aliporudi. Hakuwa anakimbia. Alisimama kwenye foleni kama watu wengine, akangoja zamu yake, akaweka karatasi mezani bila kusema kitu. Ilikuwa inakwenda kwa mchimba makaburi, nyumba 4266. Iliomba makaburi mawili, moja la mtu mzima na moja dogo.

Fikirini alipima barakoa. Alitazama daftari, akatazama karatasi, akaitazama tena. Lilikuwa swali jipya, limeandikwa vizuri, kwa mtu wa mbali, kwa njia inayotakiwa. Alilivusha palepale. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, alimwambia Vuai pole, na kwamba safari hii hakukosea kitu.